Msomaji wa Jumamosi

Kitabu cha picha hakishikwi kifuani. Msomaji akikiweka kifuani, watoto wa mbele wanaona kidole gumba chake na wa nyuma hawaoni kitu. Anayeijua kazi hukiinua pembeni, usawa wa bega, mgongo wa kitabu ukiwa umelala kwenye kiganja, na yeye mwenyewe husoma kwa kutupa jicho ubavuni, maana maneno mengi tayari anayo kichwani. Ukurasa huushika pembe ya juu kabla sentensi haijaisha, ili picha inayofuata ifike pamoja na neno lake. Mkono hukaa hewani dakika kumi na tano, hata ishirini. Unachoka, na watoto hawapaswi kujua kwamba umechoka.

Nimewatazama wasomaji wa namna hii, wanaowasomea watoto kila Jumamosi, hapa Lubumbashi, katika vyumba vya kusomea vya mitaani na katika maktaba za katikati ya mji, na kila nikiwatazama heshima yangu kwao huongezeka. Mji wetu una mafundi wanaosifiwa: wafua shaba, washonaji, wachoraji wa picha za ukutani, makanika wanaofufua injini zilizokufa. Msomaji wa watoto hatajwi kati yao. Watu humwona kama mtu mpole aliyepewa kitabu ili awatulize watoto wakati wakubwa wana shughuli. Nataka kuieleza kazi yake polepole, maana ni kazi ngumu kokote inakofanywa, na Lubumbashi huongeza ugumu wake.

Ugumu wa kwanza unaonekana kwenye jalada. Kitabu ni cha Kifaransa, mtoto ni wa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha kwanza, inakifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi na kukitaja Kiswahili pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Kwenye karatasi mambo yamepangwa vizuri. Nyumbani, katika komini za Katuba, Kenya, Kamalondo au Ruashi, mtoto anaongea Kiswahili cha mji huu, chenye batoto na bitabu, chenye kuya badala ya kuja, chenye maneno ya Kiluba, ya Kibemba na ya Kifaransa yaliyokwisha kuzoea kuishi pamoja. Lugha hiyo imekua na mji. Reli ilifika kutoka kusini mwaka 1910, mji ukaanzishwa kwa jina la Élisabethville, na Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, ikakusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vya Katanga yenyewe. Watu hao walipaswa kuelewana mgodini na kambini, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Mtoto anayeketi leo mkekani amerithi lugha ya mababu zake wa mjini, lakini vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa lugha hiyo ni vichache mno.

Vitabu vya shule vya Kiswahili vimeanza kupatikana. Kongo ilikuwa miongoni mwa nchi nane zilizoingia katika programu ya ELAN ya kufundishia kwa lugha za taifa katika nchi zinazozungumza Kifaransa mwaka 2012, na kuanzia mwaka 2015 mradi wa ACCELERE! ukasaidia kufundisha kusoma kwa lugha za taifa katika darasa za mwanzo, Kiswahili kikiwamo. Nashukuru kwa hayo. Ila kitabu cha darasani kinamfundisha mtoto herufi kwa sababu mwalimu ameamua. Kitabu cha hadithi kinasubiri mtoto mwenyewe atake. Kumfanya atake, hapo ndipo msomaji wa Jumamosi anapoingia.

Anachofanya ni hiki: anashika Kifaransa kwa jicho na kutoa Kiswahili kwa mdomo, papo hapo, mbele ya watoto wasiojua kusubiri. Mkalimani wa mkutanoni hupewa vipokea sauti na mwenzake wa kupokezana naye. Msomaji huyu yuko peke yake, kitabu mkono mmoja, mtoto wa miaka mitatu amemshika kitenge. Na hawezi kutafsiri tu, kwa sababu sentensi ya Kifaransa iliyoandikwa huko Paris au Brussels ina theluji, ina mahali pa moto ndani ya nyumba, ina mikate ya umbo fulani. Baadhi ya vitu hivyo huviacha vilivyo, kwani mtoto ana haki ya kukutana na theluji. Vingine huvipitisha haraka. Kujua kipi kibaki na kipi kipite, kabla pumzi haijaisha, kunahitaji mtu aliyekisoma kitabu nyumbani mara kadhaa, kwa sauti, akajikwaa peke yake ili asijikwae mbele za watu.

Chukua kitabu kama Prince de la rue cha Dominique Mwankumi, mwandishi na mchoraji wa Kongo aliyezaliwa Vanga mwaka 1965. Kilitoka Paris mwaka 1999, na kinamhusu mvulana wa mitaani Kinshasa anayetengeneza vichezeo kwa mabaki ya bati na waya. Msomaji asiye na ufundi huanza kwa maelezo: watoto wa mitaani ni akina nani, kwa nini tuwahurumie. Watoto hugeukia dirishani. Msomaji fundi hufungua jalada na kunyamaza. Anangoja. Mvulana mmoja atasema kwamba kaka yake naye anajua kutengeneza gari la waya. Mwingine atabisha kwamba magurudumu yake hayazunguki. Ndipo msomaji anaanza, na anaanza na gari, maana watoto wamekwisha kumwambia kwamba mlango wa kuingilia kitabu ni gari. Huruma itakuja yenyewe ukurasa wa tano au wa sita, wakati msichana wa nyuma atakapouliza, "Na mama yake eko wapi?"

Swali hilo ni mtihani. Kitabu kinaweza kuwa hakijalijibu, au kitalijibu mbele. Kuna wasomaji wanaosema, ngoja, tutafika. Kuna wanaotunga jibu. Wale ninaowaheshimu zaidi hulirudisha kwa watoto, "Bamoja banasema eko wapi?", kisha husikiliza majibu mawili matatu bila kusahihisha hata moja, wakiwa bado wameinua kitabu, na baadaye hurudi kwenye mstari ule ule walipouachia. Hadithi haijakatika. Mtoto aliyeuliza sasa anaisikiliza kwa namna nyingine, kwani anatafuta kitu ndani yake.

Usomaji wa kwanza karibu wote huwa wa Kiswahili. Wa pili, labda siku hiyo hiyo, labda wiki inayofuata, huwa wa Kifaransa, nao unashangaza. Watoto wanaijua hadithi, kwa hiyo Kifaransa hakiwatishi. Wanayatambua maneno yakipita. Msomaji mzuri tayari amewapandia mbegu. Katika usomaji wa kwanza alichagua sentensi moja ya Kifaransa inayojirudia kitabuni, akaiacha bila kuigusa, akaitamka kwa mdundo ule ule kila ilipofika. Sasa ikifika, watoto ishirini wanaipokea pamoja. Hakuna aliyewaambia waikariri. Wataenda nayo nyumbani, wataitamka wakichota maji, na siku watakapoiona imeandikwa watajikuta wanaisoma.

Kuna ushahidi mkubwa wa nguvu ya sauti katika mji huu, nao haukutoka kwa watoto. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Élisabethville kwa Kiswahili cha mji, kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu. Kijitabu hicho, Vocabulaire de ville de Elisabethville, kiliandikwa na mtu asiyefuata kanuni za tahajia za shule yoyote. Mahali maneno yanapokatika kwenye karatasi si lazima pawe mahali yanapokatika mdomoni. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyekichapisha mwaka 1990, hakuweza kukielewa vizuri kwa kukitazama tu. Mwenzake wa hapa Lubumbashi, Kalundi Mango, alikisoma kwa sauti, sauti hiyo ikarekodiwa, na ndipo maana ikafunguka: neno linaanzia hapa, sentensi inaishia pale, hapa mwandishi amekasirika, hapa anacheka. Moja ya maandishi ya thamani kubwa kabisa ya mji wetu lilihitaji mtu wa kulisomea wengine. Sioni tofauti kubwa kati ya kazi aliyofanya Kalundi Mango kwa kinywa chake na kazi inayofanywa kila wiki na msomaji wa mkekani.

Wala ufundi huu haukuanza na vitabu. Wazee wanalikumbuka kundi la Mufwankolo, maigizo yake ya redioni na kwenye televisheni, kwa Kiswahili ambacho kila nyumba ilikisikia kuwa chake. Mwaka 1986 Fabian alilifuata kundi hilo lilipokuwa likitunga igizo kuhusu mamlaka na akaandika namna walivyofanya kazi. Hawakuwa na maandishi ya kukariri. Walikubaliana juu ya mpangilio, kila mmoja akajua anaelekea wapi, na maneno yakazaliwa jukwaani. Msomaji wa watoto ni ndugu wa waigizaji wale. Kitabu kinampa mpangilio. Maneno ya Kiswahili anayazaa yeye, mbele ya hadhira, na hadhira yake ni kali kuliko watu wazima. Mtu mzima akichoshwa atavumilia. Mtoto atasimama aondoke.

Niseme pia juu ya mvua, kwa sababu anayeandika habari za maktaba za Lubumbashi bila mvua hajakaa ndani yake. Kuanzia Novemba mpaka Aprili hunyesha alasiri, na chumba cha kusomea cha mtaani huwa na paa la mabati lisilo na dari. Mvua ikipiga mabati, hakuna sauti ya binadamu inayoishinda. Nimeona msomaji akipigana nayo kwa kupaza sauti mpaka koo likamkauka, watoto wakacheka. Nimeona mwingine aliyefanya vingine kabisa. Mvua ilipoanza alifunga mdomo, akaendelea kufungua kurasa polepole, akisimulia kwa uso na kwa mkono mmoja: jicho likitoka, bega likishuka, kidole kikifuata njia ya mnyama kwenye picha. Watoto walisogea mpaka magoti yao yakagusa yake. Mvua ilipokatika alisoma sentensi ya mwisho kwa sauti ya kawaida. Hakuna chuo kinachofundisha jambo hilo. Alilijua kwa sababu amewasomea watoto katika misimu mingi ya mvua.

Na vumbi, miezi ya kiangazi. Udongo wetu mwekundu huingia katikati ya kurasa na kukaa humo. Wasomaji wengi hufunika vitabu kwa karatasi ya nailoni, hushona upya vilivyoachia kwa sindano na uzi, na huweka ndoo na sabuni mlangoni. Watoto hunawa kabla ya kugusa kitabu. Linaonekana dogo, ila mtoto aliyenawa mikono ameshaambiwa, bila hotuba, kwamba kitu kilicho ndani ni cha kuheshimiwa.

Sehemu ngumu kuliko zote ni wazazi. Mahali pa kuwasomea watoto si jambo jipya. Maktaba ya watoto ya L'Heure Joyeuse ilifunguliwa Brussels mwaka 1920 na ya Paris mwaka 1924, zote kwa msaada wa kamati ya wanawake wa Marekani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na saa ya hadithi ikawa moja ya desturi zake. Lubumbashi nayo ina mahali pa kuanzia: Institut français, kwenye jengo la Halle de l'Étoile katikati ya mji, ina maktaba, na parokia na shule kadhaa zina vyumba vya vitabu. Lakini mzazi wa Lubumbashi akimleta mtoto hukaa nje kwenye benchi. Sababu yake si uvivu. Wengi waliacha shule mapema, au walisoma Kifaransa cha kuogopa, cha kusimamishwa mbele ya darasa. Kitabu huwakumbusha aibu. Hawataki mtoto awaone wakibabaika.

Hapa ndipo nimeuona ufundi ukifika kilele. Msomaji humwita mama aliye kwenye benchi, bila kumlazimisha, na kumpa kitabu kisicho na maneno, au chenye maneno machache ambayo ameyafunika kwa kiganja.

"Miye sijue kusoma Kifaransa, tantine."

"Haina maneno, Mama. Sema ile unaona."

Mama hutazama. Anaona kuku, anaona mtu anayemkimbiza kuku. Anaanza kwa kunong'ona, na baada ya kurasa tatu anaiga sauti ya kuku, na mtoto wake anamtazama kwa macho ambayo sijui kuyaeleza. Msomaji wakati huo amekwisha kurudi nyuma, amekaa chini pamoja na watoto. Amejiondoa. Mafundi wengi hawawezi kujiondoa katika kazi yao; huyu amefanya hivyo kwa makusudi, maana alikuwa akimfanyia njia mama tangu mwanzo.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kuwaalika kambo, yaani babu na bibi. Hapo utajiri wa mji unafunuka. Familia yenye asili ya Kibemba italeta hadithi za Kalulu, sungura mwenye hila. Familia iliyotoka Kasai italeta Kabundi mjanja na kijipaa Kabuluku. Watoto wanagundua haraka kwamba wajanja hawa wanafahamiana, kwamba mtego aliouponyoka mmoja unafanana na ule wa mwingine, na wanaanza kubishana nani angemshinda nani. Mji huu umewahi kugawanywa vibaya kwa maneno ya asili na ukoo, na damu ilimwagika kwa sababu hiyo, kwa hiyo mimi huutazama ubishi huo wa watoto kwa furaha kubwa. Mtoto wa Kasai anamtetea Kalulu. Mtoto wa Kibemba anataka kusikia tena habari za Kabundi.

Kisha hadithi ya kambo huandikwa. Msomaji husikiliza, huandika kwenye daftari kwa Kiswahili kilichosemwa, bila kukifanya kiwe cha shule, na kumsomea kambo alichoandika ili asahihishe. Mtoto huchora. Kurasa hushonwa kwa uzi, jalada huwa katoni iliyokatwa vizuri, na jina la mwenye hadithi huandikwa mbele. Kitabu kinaingia kwenye rafu pamoja na vile vya Paris, kinaazimwa, kinachakaa. Kambo aliyedhani kwamba vitabu ni vya watu wengine anaona watoto wa jirani wakipanga foleni ya kuazima chake.

Tuliwahi kuwa na mazoea ya kusoma nyumbani katika mji huu. Union Minière ilianzisha jarida la Mwana Shaba mwaka 1957 kwa ajili ya wafanyakazi wake, na baadaye kukawa na Mwana Shaba Junior, la vijana, lililoendelea hata kampuni ilipogeuka kuwa Gécamines. Lilikuwa jarida la kampuni, lenye malengo ya kampuni, na sitalipamba kupita kiasi. Lakini lilitoka katika mji huu, likiandikiwa watoto wa mji huu. Kampuni ilipodhoofika, mengi yalidhoofika nayo, na hakuna aliyesimama rasmi kuchukua nafasi ile. Wasomaji wa Jumamosi wamesimama bila kuombwa.

Mwaka 2014 shirika la Bibliothèques Sans Frontières lilipeleka Burundi, katika kambi za wakimbizi wa Kikongo, maktaba za kusafirishwa zilizoitwa Ideas Box: makasha yanayofunguka kuwa rafu, meza, vitabu, kompyuta na sinema. Ni kifaa kilichobuniwa kwa akili nyingi. Kinaweza kufunguliwa mahali popote na kuwa chumba. Lakini hata kasha hilo linahitaji mtu wa kukaa katikati yake, anayeijua lugha ya watoto waliolizunguka, na anayejua lini anyamaze. Mtu huyo hasafirishwi ndani ya kasha.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaotoa fedha za vitabu Lubumbashi, wawe kampuni za madini, parokia, ofisi za komini, mashirika au Walubumbashi walio ng'ambo wanaotuma makatoni kila mwaka. Makatoni yanapokelewa kwa shukrani. Tengeni pia fungu la mtu atakayevisoma. Wengi wa wasomaji hawa hawalipwi chochote. Hupewa asante na soda. Mlipeni kwa mwezi, kwa jina la kazi, na hesabu ya saa zake ijumuishe zile za kujiandaa nyumbani, maana humo ndimo kazi nyingi hufanyika. Mpeni fedha kidogo za uzi, nailoni na daftari. Mruhusuni aandike vitabu vya Kiswahili cha hapa bila kumwomba radhi mtu yeyote.

Na wewe mzazi unayemleta mtoto Jumamosi, usibaki kwenye benchi. Vua viatu, nawa mikono, ingia ukae mkekani na mwanao.